Kadi ya Benedicte

Kijiwe chetu cha Namuwongo hakina miguu. Benchi lenyewe ni taruma la zamani la reli, mbao nzito iliyolainika kwa kukaliwa, lililolazwa juu ya matofali sita ya saruji, hatua chache kutoka relini, pale Mama Kahambu anapouzia kahawa yake ya tangawizi. Kila Jumapili baada ya ibada wanakutana wale wale. Afande Odur, polisi mstaafu, hukaa mwisho wa benchi upande wa kivuli na hakuna anayethubutu kumtoa. Emile, muuza vitenge aliyekuwa mwalimu kwao Butembo, anaitwa Profesa. Pitshou, fundi cherehani, anaitwa Sentimita kwa kuwa hawezi kumtazama mtu bila kumpima kwa macho. Na Wahabi, fundi simu, mtoto wa Kawempe, ambaye hana misa lakini hakosi kahawa ya baada ya misa, jina lake ni Chaji. Kahambu ndiye mwenye flaski, kwa hiyo ndiye mwenye neno la mwisho. Jumapili hiyo, pembeni ya flaski palikuwa na kitu kingine: hotipoti kubwa ya bluu iliyofungwa kwa kitenge, na kwa harufu yake hata watu wa nyumba ya tatu walijua ndani mna kuku.

Kuku yule alikuwa wa Benedicte. Benedicte ni msichana wa miaka kumi na mitano, yuko kidato cha pili, bwenini, katika shule moja ya dini upande wa Port Bell. Mama yake, Estelle, aliuza vitenge pamoja na Emile na alikuwa na nafasi yake kwenye benchi hili, kati ya Pitshou na Wahabi, hadi maradhi yalipomchukua miaka miwili iliyopita. Baba hakuna aliyewahi kumwona. Siku ya mazishi kijiwe kizima kilisimama kaburini kikasema mtoto huyu ni wetu, na hakikusema uongo: ada ilipatikana kanisani, sare alishona Pitshou, likizo analala kwa Kahambu, na akikosea anakemewa na wote kwa zamu. Lakini shule za huku zina Jumapili moja kila muhula ya kutembelewa. Geti linafunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi, wazazi wanakuja na vyakula na mikeka, wanakaa kwenye nyasi na watoto wao. Kuingia ni kwa kadi. Kadi ina jina la mwanafunzi, nafasi moja ya picha ya mgeni, na vyumba vitatu vya muhuri, kimoja kwa kila muhula.

Jumapili yenyewe ndiyo hiyo. Saa tano ilikuwa imeshapita, na kuku alikuwa bado Namuwongo.

Wala hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Kila mmoja alikunywa kahawa yake akisubiri kumwona yule anayekwenda.

— Kule barakisi — Odur alianza, kama anavyoanza kila Jumapili kusimulia kambi ya polisi alikokulia, ambako kila safu ya nyumba iliitwa laini — mtoto hakuwa na mwenyewe. Ukifanya makosa laini A, unachapwa laini A, unachapwa tena laini B, ukifika kwenu laini C mama yako anauliza kwa nini umechelewa kuja kuchapwa.

— Mara tatu kwa kosa moja? — Wahabi aliuliza, ingawa alijua.

— Mara nne. Kulikuwa na bibi ya sajenti, ile mama alikuwa nachapa hata kama hajui makosa ni gani. Anasema, kama hukufanya leo utafanya kesho.

— Na kula je?

— Unakula penye njaa imekukuta. Hakuna kuuliza. Mimi baba yangu alitoka kwenda kazi mwaka sabini na saba, hakurudi. Mama akaenda Lira kutafuta shamba, akaniacha juu ya shule. Nani alinilea? Laini. Laini nzima!

— Na siku ya kutembelewa laini ikakuja shuleni kukuona — Pitshou alimalizia, maana hadithi hiyo wanaijua wote.

— Ikakuja! Na muhogo!

Walicheka. Odur naye alicheka, kikombe mkononi. Aliiona tena laini C: milango ishirini imeachwa wazi, redio moja inasikika kutoka nyumba zote, akina mama wa Arua, wa Soroti, wa Kitgum, kila mmoja anaanza kufoka kwa lugha ya kwao na kumalizia kwa Kiswahili ili watoto wote wajue wanafokewa. Aliikumbuka harufu ya maharage ya mgao na mafuta ya taa. Miaka arobaini na zaidi imepita, na bado hajapata mahali pengine ambapo alijisikia kuwa wa watu kiasi kile.

Kahambu alifungua kopo la sukari, mahali anapoweka kila kitu cha maana, akatoa kadi na kuipangusa kwa upande wa kanga. Wahabi alinyoosha mkono. Wahabi hawezi kuona kitu chembamba cha mstatili bila kukishika.

— Mama, hapa kwa picha mbona hakuna mtu?

— Umesahau? — alisema Emile. — Mwezi wa pili tulikatana maneno hapa siku mbili, picha ya nani itabandikwa. Nafasi ni moja, sisi batano. Tukasema tuache kwanza.

— Sawa. Na hii chumba ya muhula wa kwanza mbona nyeupe? Wanapiga muhuri ukiingia. Hii hawakupiga.

Kahambu aliichukua kadi, akaitazama karibu, akaitazama mbali.

— Muhula wa kwanza, nani alienda?

— Afande — alisema Pitshou.

— Mimi? Mimi nilijua ni Profesa.

— Miye nilinunua mukate na sukari, nikapatia Sentimita — alisema Emile. — Ule mukate mukubwa, wa maziwa.

— Na miye nikapatia Chaji, juu alisema anapita Luzira, karibu na ile shule, kuchukua bateri.

— Luzira nilienda Jumamosi, ssebo! Ninaingiaje shule Jumamosi? Mkate nilipeleka kwa Afande. Kweri kweri, kwa mkono yangu.

Wote waligeuka upande wa kivuli.

— Ulifika — Odur alikubali taratibu. — Niliuweka juu ya meza. Nilikuwa nangoja mtu akuje kuchukua.

— Na halafu?

— Ukaota ukungu.

Hakuna aliyecheka. Mkate ule ulikuwa umetembea benchi zima, kutoka mkono hadi mkono, bila hata mara moja kuvuka reli. Treni ya mizigo ilipita polepole kuelekea Port Bell, mabehewa tisa, na wote waliisindikiza kwa macho mpaka behewa la mwisho likapotea.

— Lakini miye nilimuuliza — Kahambu alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. — Alipokuja likizo nikamuuliza, Bene, mukate ulifika? Akanijibu, ulifika, mama. Ulikuwa mutamu.

Odur alikiweka kikombe chini. Kwani kulikuwa na jambo ambalo kijiwe hakikulijua. Mwezi wa pili yeye ndiye aliyembebea Benedicte sanduku hadi stendi. Mtoto hakusema kitu njia nzima, mpaka alipokuwa na mguu mmoja ndani ya gari. Hapo aligeuka akauliza, kwa haraka, kama mtu anayetupa kitu: Afande, siku ya kutembelewa utakuja? Naye Odur akamwambia, usijali, kijiwe kitakuja. Alijisikia amejibu vizuri sana siku ile. Alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Ungedhani mtu angesimama sasa, achukue hotipoti, aende. Lakini kijiwe kikipatwa na aibu hakisimami. Kinatafuta nadharia.

— Shida si sisi — Emile alianza, akikunja miguu kama yuko mbele ya darasa. — Shida ni chungu. Kwetu kule Butembo mutoto alikuwaka anakula kwa nyumba saba. Nyumba saba, vyungu saba! Asubuhi kwa bamama mudogo, mchana kwa muyomba, jioni kwa jirani. Ule anakula kwa chungu moja anapataka akili moja. Akipoteza ile chungu, akili yote inaenda.

— Kwa hiyo Bene ana vyungu ngapi? — Pitshou aliuliza.

— Bitano. Vinabakia bibili. Njo mana anasumbuka na hesabu.

— Hapana, hapana. Nyinyi hamupimaka batu — Pitshou alivua utepe shingoni, kwa kuwa hawezi kusema jambo zito bila utepe. — Miye ninashona sare miaka kumi na nane. Mutoto mwenye bazazi anakuwaka kwa urefu. Mutoto bila bazazi anakuwaka kwa mabega, vidole mbili zaidi, juu ya kubeba mambo. Na shingo! Shingo yake inakuwa ndefu.

— Shingo kwa nini?

— Juu ya kuangalia barabara, kama kuko mutu anakuja. Ya Bene niliongeza kola mara mbili.

Hiyo nayo haikumchekesha mtu, ila Wahabi alitikisa kichwa kwa huruma, huruma ya fundi kwa fundi mwenzake aliyepotea.

— Sentimita, hayo ni ya zamani. Siku hizi ni netiwaki. Mzazi ni mnara. Mnara ukianguka, simu inatafuta mnara mwingine, si ndiyo? Sisi hapa ni minara mitano midogo. Kila mmoja ana kamstari kamoja. Tukijiunga tunakuwa mitano, imejaa!

— Na mbona ule mukate haukupata netiwaki? — Kahambu aliuliza.

— Ndiyo maana ninasema, kazi hii tuwaachie mashine. Miaka kumi tu mbere, utaona. Mtoto atapewa kadude ka sikioni, kana sauti ya mama yake kabisa. Asubuhi kanamwambia oga. Jioni kanamwambia nani huyo ulikuwa unasimama naye. Siku ya kutembelewa kanamwambia, mwanangu, nimefika, niko kwa geti.

— Na hotipoti nani atabeba? — aliuliza tena Kahambu.

Wahabi alifikiri.

— Hiyo bado wanatafuta namna.

Emile aliona nadharia yake inapitwa, akairefusha. Alisema serikali inapaswa kuandika chungu cha kila nyumba kwa namba, na kila kijana apewe ratiba ya vyungu akifika miaka kumi na miwili. Pitshou akasema hapana, wapimwe shingo kila Januari, wale wa shingo ndefu watembelewe kwanza. Wahabi akasema shingo zipigwe picha. Walikuwa wameanza kusahau aibu, sauti zimepanda, mikono inaruka, na Odur, ambaye kwa kawaida angekuwa katikati ya vita hivyo akitetea viboko, alikuwa anaitazama hotipoti.

— Saa saba — alisema Kahambu. — Geti inafungwa saa kumi. Nani anaenda?

Kisha visingizio vikatoka, tena kwa adabu, kama watu wanaopishana mlangoni.

— Mama, wewe ndiye anakaa na mutoto — alisema Emile.

— Miye? Wataniongelesha Kizungu. Wataniuliza kitambulisho, nitaonyesha ya mukimbizi, wataniuliza miye ni nani kwa mutoto. Nitajibu nini? Ya kwamba ninauzaka kahawa? Wewe njo mwalimu.

— Juu miye njo mwalimu, mama! — Emile aliinamisha kichwa. — Ninaingia pale na hivi viatu, kati ya bale balimu, banasema mwenzetu, unafundisha wapi? Ninajibu ninauza vitenge kwa kichwa? Hapana. Acha niandike barua nzuri, mutu aipeleke.

— Na mimi na hii kofia — Wahabi aliigusa kofia yake ya swala — kwa shule ya masista? Watadhani nimepotea balabala. Sentimita aende.

— Bibi yangu atauliza, juu ya nini unatembelea mutoto ya Estelle? Munajua maneno ya bibi yangu — alisema Pitshou.

Walikuwa wanayajua. Basi macho yote yakarudi kule kule upande wa kivuli.

— Afande, wewe ni muzee. Batakupigia saluti — alisema Pitshou.

— Mimi sifai.

Alisema hivyo tu, wakadhani anatania. Alipoona wanasubiri, akaendelea, akiitazama reli.

— Mimi niko na mtoto, Anena. Munamjua kwa jina. Alisoma bweni miaka sita kule Soroti, mimi nikiwa Moroto kwa kazi. Kila siku ya kutembelewa nilituma askari. Kijana mzuri, viatu safi, sukari, sabuni, kila kitu. Miaka sita, mimi mwenyewe hata mara moja. Nilikuwa nasema moyoni, polisi ni laini moja, akienda yule nimeenda mimi. Siku moja akaandika barua. Baba, askari wako wanakuja vizuri, asante. Mwingine nimeanza kumzoea, lakini umemhamisha.

— Ee, Afande — alisema Kahambu.

— Leo akinipigia simu ananiita Afande. Kama nyinyi. Mimi niende kwa mtoto wa watu na uso gani?

Hapo ndipo Bonny alipofika. Bonny ni mwendesha boda wa stendi ya juu, si mtu wa kijiweni, hata kahawa hanywi. Kahambu alikuwa amempigia simu tangu asubuhi, kwamba aje saa saba na nusu kumpeleka mgeni shuleni. Alisimamisha pikipiki bila kuizima, akawatazama watu watano na hotipoti moja.

— Ninapeleka nani?

Walitazamana.

— Ngoja kidogo — alisema Emile. — Tunataka kupiga kura.

— Kura? Mzee, leo ile barabara ya Port Bell imejaa magari ya wazazi mpaka hakuna pa kupita. Ninapeleka nani?

— Kuko na wagombea batano — Pitshou alieleza — lakini hakuna anayegombea.

Bonny alizima pikipiki. Alivua helmeti, akajikuna kichwa, na akauliza, bila ubaya wowote, kama anavyouliza mtu ni upande gani wa kukata kona:

— Kale, sawa. Na mtoto mwenyewe? Yeye alisema anataka nani aende?

Pitshou aliukunja utepe wake, akaukunjua. Walikuwa wamemshonea, wamemlisha, wamemkemea, wamempimia shingo na kumhesabia vyungu, na katika miaka miwili hakuna hata mmoja aliyekumbuka kumuuliza. Kahambu alichukua flaski awaongezee kahawa, maana hakujua afanye nini kingine. Aliiinamisha hadi mwisho. Yakatoka matone mawili na kipande cha tangawizi.

— Imeisha — alisema.

Na Odur, mwisho wa benchi, alikuwa anamwona Koplo Drani.

Hakuwa amemwona vizuri hivyo kwa miaka mingi. Hadithi ameisimulia mara nyingi mno, kila mara laini, laini, laini ilikuja, hata akasahau kwamba laini haikuja kabisa. Laini ilibaki barakisi siku ile ikifua nguo. Aliyekuja ni Drani peke yake, jirani wa mlango wa nne, mtu mfupi asiye na maneno, ametembea kwa miguu kutoka mjini na buti zimejaa vumbi. Alikuja na sare yake, hata mwalimu mkuu akasimama akidhani amekuja kukamata mtu. Getini walimuuliza wewe ni nani kwa mtoto. Akajibu, nimekuja kumwona. Basi. Akakaa kwenye nyasi, akafungua gazeti lenye muhogo wa kuchemsha, wakala nusu kwa nusu. Hakumpa nasaha. Hakumwambia habari za baba. Alimwambia tu, lete kucha nizione, akazikagua kumi zote kwa makini, akasema safi, akaondoka. Na kijana Odur alilala usiku ule akijua kwamba duniani kuna mtu mmoja anayejua hali ya kucha zake.

Machozi yalimjia, naye hakuyaficha. Alikuwa na haki ya kulia, tena machozi hayo yalikuwa yamechelewa.

— Alisema — alisema Odur.

— Nani?

— Mtoto. Mwezi wa pili, pale stendi. Alisema ananitaka mimi. Mimi nikamwambia kijiwe kitakuja.

Hakuna aliyemlaumu. Kahambu ndiye aliyesogea kwanza. Alimpa kitambaa, kisha akamwekea kadi mapajani.

— Picha uko nayo?

Alikuwa nayo. Tangu alipojaza fomu za kustaafu picha moja ndogo ilibaki kwenye pochi yake, yeye na kofia, uso umekazwa kama anamshtaki mpiga picha. Gundi haikuwepo. Kahambu alifunua sufuria yake, akachota kidogo bukari, ugali wa kwao, kwa ncha ya kidole, akaipaka nyuma ya picha na kuibandika. Emile aliikandamiza kwa dole gumba. Pitshou alipima akasema imeenda kushoto kidogo. Wahabi akaipuliza ikauke.

— Afande, ukifika mwambie... — alianza Emile.

— Sitamwambia kitu chenu — alisema Odur, akipanda nyuma ya Bonny na hotipoti kifuani. — Muhula wa tatu mtu mwingine aende, mwenyewe, aseme ya kwake. Lakini kwanza aulizwe mtoto.

Waliondoka kwa kuvuka reli, na kitenge cha hotipoti kilikuwa kinapepea. Kijiwe kilibaki na vikombe vitupu, na kwa mara ya kwanza tangu Estelle afariki, nafasi zilizokuwa wazi kwenye taruma zilikuwa mbili.

Bonny alikuwa amesema kweli kuhusu magari. Walifika saa tisa kasoro dakika tano, wakati baadhi ya wazazi wameshaanza kukunja mikeka. Mlinzi wa geti alichukua kadi, akatazama picha, akatazama uso, na akagusa ukingo uliokuwa bado na unyevu wa bukari.

— Mzee, wewe ni nani kwa mtoto?

Odur alikuwa amejiandaa njia nzima. Alikuwa na majibu matatu, moja la Kiingereza.

— Nimekuja kumwona — alisema.

Mlinzi akapiga muhuri.

Uwanja ulikuwa mkubwa na umejaa, familia hapa, familia pale, watoto wana midomo ya mafuta. Odur alimwona Benedicte upesi kwa sababu alikuwa peke yake, karibu na tangi la maji, amefungua kitabu. Hakuwa anasoma. Shingo ilikuwa imenyooka juu ya kola aliyoiongeza Pitshou mara mbili, na macho yalikuwa getini. Msichana alipomtambua hakukimbia. Alisimama, akafuta sketi, akatazama nyuma ya Odur kama kuna wengine wanaokuja.

— Shikamoo, Afande. Kijiwe kimekuja?

— Marahaba. Hapana, mwanangu. Nimekuja mimi.

Benedicte alichukua hotipoti kwa mikono miwili. Aliishikilia hivyo kwa muda, bila kuifungua, na mabega yake, yale ya vidole viwili zaidi, yakashuka.

— Bado ya moto — alisema.

— Ule mkate wa muhula wa kwanza — Odur alianza.

— Ulikuwa mtamu — alisema haraka.

— Benedicte.

Alitazama chini. Nyasi za pale zilikuwa zimelala kwa kukaliwa na watu tangu asubuhi.

— Haukufika, Afande.

— Najua. Ulikuwa kwangu, juu ya meza. Nisamehe.

Alitikisa kichwa, ndiyo, mara nyingi. Odur alivua koti lake la kanisani akalitandika, akakaa kwa shida ya magoti, akampa nafasi kubwa kuliko yake. Kengele ya geti ilikuwa imebakiza saa nzima.

— Kaa hapa — alisema. — Lete kucha nizione.